Gazeti Linapotaja Kiasi na Tarehe

Mwaka 1996 watafiti walipita kwenye shule 250 za msingi za serikali nchini Uganda wakiwa na swali moja: ruzuku ambayo Kampala hutoa kwa kila mwanafunzi, ile ya vitabu, chaki na matumizi mengine madogo ya shule, inafika? Kwenye vitabu vya serikali kuu hapakuwa na tatizo, fedha zilikuwa zimetoka. Lakini walimu wakuu walipofungua madaftari yao, hesabu ilikuja nyingine kabisa. Kati ya mwaka 1991 na 1995, katika kila shilingi 100 zilizotumwa, zilizofika shuleni kwa wastani ni 13. Na wastani huo wenyewe ulikuwa ukificha mengi, maana shule nyingi hazikupata hata senti.

Zilizobaki ziliishia wilayani. Wazazi nao walikuwa wakichanga kuziba pengo, na wengi wao hawakuwa na habari kwamba kuna ruzuku yoyote.

Hatua iliyokuja kuvuma baadaye haikuwa tume wala pingu. Serikali ya Uganda ilianza kuchapisha magazetini fedha zilizotumwa kila mwezi kwa kila wilaya, katika magazeti ya Kiingereza na hata yale ya lugha za wenyeji. Kisha ikaagiza shule na makao makuu ya wilaya zibandike ubaoni kiasi zilichopokea. Utafiti uliporudiwa mwaka 2001, sehemu ya ruzuku iliyokuwa ikifika shuleni ilikuwa imepanda hadi zaidi ya asilimia 80.

Wachumi wawili, Ritva Reinikka na Jakob Svensson, walilichambua jambo hilo kwa namna ambayo ingemfurahisha muuza magazeti yeyote. Walipima umbali kutoka kila shule hadi mahali gazeti linapouzwa. Walimu wakuu wa shule zilizo karibu na meza ya magazeti walizijua zaidi kanuni za ruzuku na muda inaotoka, na shule zao ndizo zilizoona ongezeko kubwa zaidi la fedha. Wapo waliowapinga, na hoja yao ina uzito: katika miaka hiyohiyo Uganda ilikuwa imeanzisha elimu ya msingi kwa wote mwaka 1997, wafadhili walikuwa wanafuatilia kwa karibu zaidi, na utaratibu mzima wa kupeleka fedha wilayani ulikuwa umebadilishwa. Gazeti peke yake halikuokoa shule. Ila suala la umbali linabaki palepale, kwa sababu mageuzi mengine yote yalizigusa shule za karibu na za mbali kwa pamoja.

Kilichochapishwa ndicho cha kuangaliwa kwa makini. Haikuwa makala ya kulaani ufisadi, wala tahariri ya kuwaasa viongozi wawe waadilifu. Ilikuwa orodha kavu: wilaya, kiasi, mwezi. Mwalimu mkuu mwenye ukurasa huo mkononi haendi tena wilayani kuuliza kama fedha zimekuja. Anakwenda kuuliza ziko wapi. Mhasibu aliyezoea kujibu "bado hazijaingia" anakosa pa kujificha, kwa sababu naye amelisoma gazeti hilohilo na anajua kwamba wenyeviti wa kamati za shule wamelisoma pia.

Faida ya gazeti la kila siku kwa mwananchi iko hapo, na ni tofauti kidogo na ile inayohubiriwa shuleni kwamba kusoma gazeti kunapanua mawazo. Kunapanua, sawa. Lakini mtu anaweza kupanua mawazo kwa miaka thelathini, akajua majina ya mawaziri wote na waliotemwa kabla yao, na bado asijue bajeti ya zahanati ya kijiji chake ni shilingi ngapi.

Mji wa Bell, kusini-mashariki mwa katikati ya jiji la Los Angeles, Marekani, ni mfano wa upande wa pili. Ni mji mdogo wenye watu wapatao 37,000, wengi wao wahamiaji wa kipato cha chini. Mwezi Julai 2010 gazeti la Los Angeles Times lilifichua kwamba meneja wa mji huo, Robert Rizzo, alikuwa akilipwa karibu dola 800,000 kwa mwaka. Mkuu wa polisi alikuwa anapata dola 457,000, zaidi ya mkuu wa polisi wa jiji zima la Los Angeles, na madiwani wa kazi ya muda walikuwa wakijilipa karibu dola 100,000 kila mmoja. Waandishi Jeff Gottlieb na Ruben Vives hawakuwa hata wakiuchunguza Bell. Walikuwa wakifuatilia mji jirani wa Maywood, uliotaka kuvunja jeshi lake la polisi na kuikabidhi Bell huduma zake nyingine, na humo njiani wakafika kwenye mishahara ya Bell.

Ilikuwaje wizi wa namna hiyo ukadumu miaka yote hiyo pembeni kabisa ya jiji lenye gazeti kubwa? Jibu moja ni kwamba hakuna mwandishi aliyekuwa akihudhuria vikao vya baraza la Bell. Jibu la pili ni la wakazi wenyewe. Novemba 2005 mji uliitisha kura maalumu ya kujipatia hadhi mpya kisheria, hadhi ambayo ingeuondoa kwenye kikomo cha posho za madiwani kilichowekwa na jimbo. Waliojitokeza kupiga kura hawakufika 400. Lugha ya karatasi ya kura ilikuwa ya kisheria mno, haikutaja mishahara, na hapakuwa na mtu wa kuwafafanulia wakazi kinachopigiwa kura. Mwaka 2008 mkazi mmoja aliamua kuomba aonyeshwe mishahara ya viongozi, akapewa karatasi yenye takwimu za uongo. Akaondoka nayo. Angeilinganisha na nini?

Baada ya habari kutoka, wakazi walijaza ukumbi wa baraza, wakaunda kikundi chao, na Machi 2011 wakawaondoa madiwani kwa kura. Rizzo alihukumiwa kifungo cha miaka 12 mwaka 2014. Gazeti lilipata tuzo ya Pulitzer.

Hapa msomaji wa Dar es Salaam atakumbuka habari nyingine ya mishahara. Julai 2013 gazeti la Mwananchi lilichapisha viwango vipya vya mishahara ya watumishi wa serikali. Mwisho wa Septemba likafungiwa siku 14 chini ya Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976, kwa maelezo kwamba waraka wenye viwango hivyo ulikuwa wa siri. Siku hiyohiyo gazeti la Mtanzania lilifungiwa siku 90 kwa habari nyingine. Sheria ya 1976 ilishaondoka, ikaja Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, na Februari 2022 magazeti manne yaliyokuwa yamefungwa, MwanaHalisi, Mawio, Mseto na Tanzania Daima, yalirejeshewa leseni. Swali lenyewe halijafungwa: mshahara unaolipwa kwa kodi unakuwaje siri kwa mlipa kodi? Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Ni vigumu kufikiria shughuli ya wananchi iliyo muhimu kuliko kujua fedha zao zinamlipa nani na kwa kiasi gani.

Woga wa serikali kwa habari zenye majina na mahali haukuanza jana. Mwaka 1958 kijarida cha Sauti ya TANU kilitoa makala ya Julius Nyerere iliyowashutumu Makamishna wa Wilaya wawili wa Kiingereza. TANU ilikuwa imeushambulia ukoloni kwa jumla majukwaani kwa miaka minne, na Nyerere hakuwa ameshtakiwa kwa hilo. Kilichompeleka Nyerere mahakamani ni maandishi kuhusu maofisa wawili na mambo waliyoyafanya katika wilaya zao. Alipatikana na hatia ya kashfa, akapewa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ikalipwa. Mkoloni alijua kupanga hatari kwa uzito wake: hotuba ya kudai uhuru humalizika jioni watu wakarudi majumbani, lakini habari ya bwana fulani wa wilaya fulani hukatwa na kuhifadhiwa.

Mwenye kulinunua gazeti leo anaanza ukurasa wa kwanza, na ukurasa wa kwanza ni wa watu wakubwa. Nani kateuliwa, nani kamjibu nani, chama gani kina mgogoro. Kisha mkono unarukia nyuma kabisa, kwenye Simba na Yanga. Katikati panaachwa, na katikati ndipo penye mali. Chukua ukurasa wa matangazo. Dalali, kwa idhini ya benki, anatangaza mnada wa hadhara wa nyumba iliyopo kiwanja namba fulani, kitalu fulani, yenye hati ya jina la fulani, siku ya Jumamosi saa nne asubuhi. Herufi zimebanwa kiasi kwamba mzee asiye na miwani hawezi kuzisoma. Familia ambazo zimejua kwa mara ya kwanza kutoka kwenye ukurasa wa namna hiyo kwamba nyumba ya marehemu baba iliwekwa rehani si chache. Pembeni yake kuna notisi ya mirathi inayowataka wenye pingamizi wajitokeze ndani ya siku kadhaa, na chini yake halmashauri inatangaza kubadilisha matumizi ya eneo la wazi. Kila moja ina tarehe ya mwisho. Ikipita, imepita, na mahakamani ni vigumu kusikilizwa ukisema hukuliona gazeti.

Kuna pia kurasa za Aprili. Kwa mujibu wa Ibara ya 143 ya Katiba, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali humkabidhi Rais ripoti zake, kwa kawaida ifikapo mwisho wa Machi, kisha hupelekwa bungeni. Kwa wiki moja hivi magazeti hayana habari nyingine. Tatizo ni kwamba uandishi wetu hupenda mabilioni ya mashirika ya umma: ndege, reli, umeme. Ripoti ya serikali za mitaa, yenye halmashauri 184, hupata aya chache, wakati ndiyo inayomhusu msomaji wa Nachingwea au Kahama moja kwa moja. Humo mna mapato yaliyokusanywa kwa mashine za POS yasiyofika benki, mna miradi iliyolipwa ambayo haijamalizika, mna halmashauri zilizopata hati ya ukaguzi yenye shaka na sababu zake. Mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani unaopaswa kwenda kwa vikundi, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ulikuwa ukitajwa humo mwaka baada ya mwaka kwa marejesho mabovu na udhaifu wa usimamizi, hadi Aprili 2023 serikali ilipousimamisha ili utaratibu upangwe upya. Vikundi vingi vilishtuka. Aliyekuwa akisoma kurasa za katikati hakuwa na sababu ya kushtuka.

Mhariri naye ana sehemu yake ya lawama. Gazeti lenye mwakilishi katika kila mkoa lingeweza, kila Aprili, kuchapisha jedwali la halmashauri zote za mkoa husika: hati iliyopatikana na hoja zilizobaki bila majibu. Lisingehitaji ustadi wa lugha. Lingehitaji karani mvumilivu na kurasa mbili.

Lakini nani ananunua gazeti siku hizi? Ni pingamizi la haki. Saa saba usiku kurasa za mbele za magazeti yote ya kesho zinakuwa zimeshazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na asubuhi redio zinasoma vichwa vya habari kabla daladala ya kwanza haijajaa. Mwaka 2017 serikali ilielekeza vituo vya utangazaji viishie kwenye vichwa tu, visisome habari nzima, ili magazeti yapate wanunuzi. Nia ilikuwa njema, na matokeo yake ni kwamba msikilizaji wa kijijini, ambako gazeti hufika mchana au halifiki kabisa, alinyimwa hata kile kidogo. Tena kichwa cha habari bila habari ni chakula kibaya. Kijiweni huanzisha mabishano ya saa mbili juu ya jambo ambalo aya ya tatu ingelimaliza.

Hoja ya nguvu zaidi dhidi ya gazeti ilitoka Kenya mwaka 2024. Vijana waliouchambua Muswada wa Fedha wa mwaka huo hawakusubiri mhariri awaeleze. Waliupakua wenyewe, wakavigawana vifungu, wakavifafanua kwa video fupi na kuvitafsiri kwa lugha za nyumbani, kodi ya mkate ikajulikana hadi sokoni. Juni 25 waandamanaji waliingia bungeni, watu wakauawa, na siku iliyofuata Rais William Ruto akatangaza kwamba hatausaini. Raia aliyesoma vifungu alionekana kuwa mzito kuliko raia aliyesikia tetesi, na chombo kilichotumika ni simu.

Hilo halimalizi mjadala. Muswada wa Fedha huja mara moja kwa mwaka, una tarehe inayojulikana, na unamgusa kila mnunuzi wa mkate, kwa hiyo ni rahisi watu kuutafuta. Kikao cha kamati ya bunge cha Jumanne saa tano, ambako sentensi moja ya sheria ya ardhi inabadilishwa, hakimvutii mtu hadi apatikane anayelipwa kukaa pale na kuandika. Kura ya Bell ilikuwa ya aina hiyo. Mjini Cincinnati, Marekani, gazeti la Cincinnati Post lilifungwa siku ya mwisho ya mwaka 2007, na uchunguzi uliofanyika katika vitongoji vya Kentucky lilikokuwa likisomwa ulionyesha dalili kwamba wagombea wa nafasi za mitaa walipungua, wapiga kura wakapungua, na waliokuwa madarakani wakawa na nafasi kubwa zaidi ya kurudi. Mitandao ilikuwepo. Ila haikuwa ikihudhuria vikao vya bodi za shule.

Jambo la pili ni mtu kukutana na habari asiyoitafuta. Zabuni za umma Tanzania sasa zinapitia mfumo wa kielektroniki wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023. Ni hatua nzuri kwa wazabuni, na ukaguzi unakuwa rahisi. Lakini zabuni ya ukarabati wa soko ilipokuwa ikitangazwa gazetini, iliweza kuonwa na mama lishe aliyefungia vitumbua kwenye ukurasa huo wiki moja baadaye. Kwenye mfumo ataiona akiamua kuingia, akijua aingie wapi na atafute nini. Kuweka taarifa wazi na kuifikisha kwa mtu ni kazi mbili, na serikali nyingi za ukanda huu zimefanya ya kwanza zikadhani zimemaliza.

Na hata ikimfikia, inabidi awe na mahali pa kuipeleka. Mwalimu mkuu wa Uganda alikuwa na ofisi ya wilaya ya kwenda kubisha hodi. Mtanzania wa kijijini anao Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Wengi wanaujua mkutano huo kama mahali pa kusikiliza maagizo: mchango wa mwenge, usafi wa mazingira, mbwa wafungwe. Mtendaji akifika kwenye mapato na matumizi huwa jua limeshatua, karatasi inasomwa haraka kwa sauti ya kupitia, na mwenyekiti anauliza kama kuna swali huku akiinuka. Anayeuliza kwa jumla, "hela zetu zinakwenda wapi?", hujibiwa kwa jumla, na watu hucheka. Anayesema kwamba robo iliyopita halmashauri ilitangaza kupeleka kiasi fulani cha saruji kwa ajili ya zahanati na hapa imesomwa pungufu, huyo hajibiwi kwa utani.

Mfano wa hesabu inayoweza kufanywa na mzazi yeyote uko kwenye elimu bila ada, iliyoanza Januari 2016. Ruzuku ya shule ya msingi iliwekwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika hizo, 6,000 ni za kwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, na 4,000 hubaki juu kwa ununuzi wa vitabu. Shule yenye wanafunzi 800 kwa kiwango hicho inatarajia shilingi 4,800,000 kwa mwaka, yaani 400,000 kwa mwezi. Mjumbe wa kamati ya shule anayezijua namba hizo anaweza kumwomba mwalimu mkuu taarifa ya benki ya mwezi uliopita na kulinganisha. Mara nyingi atakuta mwalimu mkuu ndiye anayefurahi kuliko wote kuulizwa, kwa sababu naye amekuwa akiwaeleza wazazi kwamba laki nne haziwezi kukarabati vyoo na kununua chaki na karatasi za mitihani, na hawakumwamini.